Upande wa B wa Kericho

Lori la kwanza la mjomba wangu lilikuwa la waya, na magurudumu yake yalikuwa santuri. Sitanii. Alichukua santuri ndogo nne za babu, zile zenye tundu kubwa katikati, akapitisha vijiti kwenye matundu, akakaza kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, halafu akaliburuta lori lake kutoka nyumbani hadi kituo cha kupimia majani chai na kurudi. Barabara yetu ni ya changarawe. Kufikia jioni hakukuwa na sindano ya gramofoni ambayo ingesoma kitu pale.

Shida ni kwamba kwenye mojawapo ya santuri hizo alikuwamo babu mwenyewe. Hakuwa mwimbaji. Alipiga gitaa la pili kwenye bendi ya vijana wa kwetu, upande wa Bomet, miaka ya 1970, na walirekodi mara moja tu: wimbo mmoja, pande mbili. Gogo anakumbuka kwamba karatasi ya katikati ilikuwa nyekundu, na kwamba babu alirudi kutoka safari ile na viatu vipya. Jina la bendi analitaja kwa namna mbili tofauti, kutegemea siku. Babu alifariki kabla sijazaliwa. Kwa hivyo mimi, mtu ninayelipwa (nikilipwa) kuandika kuhusu muziki wa watu wengine, sijawahi kusikia muziki wa nyumbani kwetu.

Nimeitafuta hiyo santuri miaka mitatu sasa. Nimeuliza wauzaji wa vitu vikuukuu, nimeuliza wazee wa kanisa, nimekesha kwenye kurasa za wakusanyaji wa Ulaya wanaouziana santuri za Afrika Mashariki kwa bei ya ng'ombe. Sijaipata. Lakini ukitafuta kitu kwa muda mrefu unajikuta umejua mtaa mzima.

Nikiwaambia watu wa Nairobi kwamba ninaandika kuhusu historia ya kurekodi muziki Kericho, swali la kwanza huwa: kwani ipo? Kericho kwao ni picha ya kalenda. Kijani kibichi, mvua ya alasiri, akina mama na vikapu mgongoni. Hakuna anayefikiria waya wa maikrofoni katikati ya hiyo picha. Na bado, mojawapo ya rekodi zinazojulikana zaidi duniani kutoka nchi hii haikutoka Nairobi wala Mombasa. Ilitoka Kapkatet.

Mwaka wa 1950 Mwingereza mmoja, Hugh Tracey, alipita kwenye nchi ya Wakipsigis na mashine ya kurekodi. Tracey alikuwa ameishi kusini mwa Afrika tangu ujana wake, na kazi yake ya maisha ilikuwa kuzunguka akirekodi muziki wa kiasili kabla, kwa hofu yake, haujapotea. Miaka minne baadaye, 1954, angeanzisha maktaba yake ya sauti huko Afrika Kusini, ile inayoitwa ILAM, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes. Pale Kapkatet alikutana na wanaume waliopiga chepkong, kinubi chetu cha Kikipsigis, na wasichana walioimba wakiongozwa na mwenzao, Chemutoi Ketienya. Wimbo ambao watu walitaka kumwimbia uliitwa Chemirocha. Aliurekodi zaidi ya mara moja, na ule wa tatu, wa wasichana, ndio uliokwenda mbali.

Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers. Mzungu wa Mississippi, mfanyakazi wa reli aliyegeuka kuwa baba wa muziki wa kantri wa Marekani, aliyekuwa akipasua sauti yake katikati ya wimbo kama mchungaji anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Alikufa kwa kifua kikuu mwaka wa 1933. Gramofoni zilikuwa zimefika kwetu, na santuri zake zilifika nazo. Sasa, Kikipsigis hakina haja na sauti ya "j" wala "dj", kwa hivyo jina likalainishwa hadi likakaa vizuri mdomoni: Chemirocha. Na kwa kuwa majina ya wasichana wetu huanza na Che au Chep, Mmarekani wa watu akapewa jina linalokaribia kuwa la dada ya mtu. Hapo ninacheka kila mara.

Kwa maelezo ambayo Tracey aliyaandika, wasichana walimwimba huyo Chemirocha kama kiumbe nusu mtu, nusu swala, na wakamtania kwa kumwalika aje acheze nao hadi suruali imtoke. Wazungu wengi wameandika kuhusu wimbo huu kwa mshangao, ati Waafrika walimfanya mwimbaji wa kantri kuwa mungu. Mimi sioni mungu hapo. Ninaona wasichana wa miaka ya 1950 wakifanya kile ambacho wasichana wa Litein wanafanya leo kwenye TikTok: umesikia sauti ya mtu wa mbali, humjui, humwogopi, unaikata, unaibandika kwenye mdundo wenu, unamchekelea. Hiyo ni rimiksi, na waliifanya kwa midomo.

Lazima nikiri jambo hapa. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imenishinda na sababu nyingine ambazo si za makala hii, nilirudi nyumbani na laptopu ya mtumba yenye FL Studio ya wizi. Kazi yangu ya kwanza ya kujivunia ilikuwa biti niliyoijenga juu ya Chemirocha. Niliipakua kutoka intaneti, nikachukua sekunde kama saba za wasichana, nikaziinua kidogo, nikaweka besi nzito chini na ngoma ya nne kwa nne. Niliipiga kwenye sherehe moja msimu wa bonasi ya chai. Kama hujui bonasi ni nini, huwezi kuelewa uchumi wa burudani kwetu: wakulima wadogo wanaopeleka majani viwandani hulipwa kidogo kila mwezi, halafu mara moja kwa mwaka pesa kubwa inaingia, na kwa wiki kadhaa kila harusi, kila baa na kila mchinjaji anaishi. Watu waliruka. Nilijiona prodyuza.

Wiki iliyofuata nikampigia gogo ile biti kwenye spika ndogo. Alisikiliza yote. Nilingoja aniulize kelele ile ni ya nini. Akauliza kitu kingine.

"Weri, hao wasichana wanajua?"

Nikamwambia ni ya 1950, gogo, wengi wao hawapo.

"Sijauliza kama wapo."

Sikuwa na jibu. Nikazima spika, tukanywa chai.

Hilo swali ndilo lililonitoa kwenye biti na kuniingiza kwenye historia, kwa sababu ukilifuata unafika mahali pa ajabu. Tracey alikuja, akarekodi, akaondoka na sauti. Santuri zake zilitengenezwa Afrika Kusini, na wengi wa waliozisikia walikuwa watafiti na wapenzi wa muziki wa mbali. Waimbaji wenyewe walibaki Kapkatet na kumbukumbu tu. Ilichukua zaidi ya miaka 60 kabla watu wa ILAM, pamoja na wenzetu wa mradi wa Singing Wells na Tabu Osusa wa Ketebul Music, kurudi na nakala kuwatafuta waliorekodiwa na familia zao. Waliwapata baadhi yao, wazee sana, wakiwa hai. Fikiria umeimba ukiwa kigoli, halafu sauti yako inarudi ukiwa na vitukuu.

Basi ni rahisi kusema: huyo alituibia. Niliwahi kuandika hivyo, kwa herufi kubwa kubwa, na nikapongezwa. Lakini kuna jina lingine kwenye hii historia, na hilo ndilo linalonivurugia hesabu.

Ukisema Chandarana jijini Nairobi, mtu anafikiria supamaketi. Ukisema Chandarana kwa mzee wa Kericho, Sotik au Kisii aliyewahi kuwa na gramofoni, anafikiria santuri. A. P. Chandarana alikuwa mfanyabiashara wa asili ya Kihindi mwenye duka la muziki mjini Kericho, na katika miaka ya 1960, 1970 na 1980 jina hilo lilikuwa kati ya majina makubwa ya kurekodi muziki nje ya Nairobi. Mji mdogo wa chai, mvua kila siku, na studio ndani yake. Wakipsigis walirekodi hapo. Wajaluo walirekodi hapo. Waluhya, Wakisii. Kanda ilirekodiwa Kericho, ikapelekwa Nairobi kwenye kiwanda kugeuzwa santuri, santuri zikarudi Magharibi kuuzwa.

Kwa nini Kericho? Wanaoandika kuhusu benga huruka hapo, wanasema tu "Chandarana wa Kericho" na kuendelea. Mimi nadhani jibu liko nje ya dirisha la matatu. Ni chai.

Kampuni za Kiingereza zilifika miaka ya 1920: Brooke Bond, kisha wale wa James Finlay. Ardhi waliyoipanda ilikuwa ya Wakipsigis, na kuna familia ambazo hadi leo zinaidai. Mwaka wa 1934 serikali ya kikoloni iliupitishia sheria ukoo wa Talai, ukoo wa viongozi wetu wa kiroho, ukang'olewa na kupelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, mahali pa mbu na mbung'o. Mkipsigis wa wakati ule, mwenye ng'ombe wake na shamba la mahindi, hakuwa na hamu ya kwenda kuinama kwenye chai ya mtu kwa mshahara. Kwa hivyo kampuni zikaleta vibarua kutoka Nyanza na Magharibi. Kambi za wafanyakazi zikajaa Wajaluo, Wakisii, Waluhya, na baadaye Wakipsigis pia. Maelfu ya watu mbali na kwao, wote wakilipwa pesa taslimu, mwisho wa mwezi, mahali pamoja.

Sasa wewe ni mwenye duka la muziki. Wateja wako wanakuja mjini siku ya mshahara, na kila mmoja anataka kusikia lugha ya nyumbani. Huhitaji kuwa mtaalamu wa utamaduni. Unahitaji maikrofoni. Ndivyo ninavyoielewa mimi: kambi za chai ziliwaweka mahali pamoja wapiga magitaa wa makabila manne na wanunuzi wao, na mtu mmoja pale mjini akawa na akili ya kuwarekodi. Alirekodi ili auze kwa watu walewale waliorekodiwa na majirani zao. Hakuna aliyesema anaokoa kitu kisipotee.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye utamu.

Santuri ndogo ya kasi ya 45 ilibeba dakika tatu na kitu kila upande, na sisi tuliishikilia santuri hiyo muda mrefu baada ya Wazungu kuhamia zile kubwa. Lakini benga haijui dakika tatu. Benga inaanza na hadithi, fulani amefanya hivi, shemeji yetu amefanya vile, halafu hadithi inapumzika na magitaa yanachukua. Besi inaacha kufuata na kuanza kuongoza. Gitaa la solo linapanda juu kabisa, linarudia kitu kidogo hadi kichwa kinazunguka. Kwa hivyo wimbo ulikatwa katikati: upande wa A mara nyingi ulikuwa na maneno, sauti ikafifishwa taratibu, ukageuza, upande wa B ukaendelea pale mlipoachia, na huko ndiko watu walichezea. Mwenye gramofoni alijua. Upande wa A ulikuwa wa kuwaheshimu wageni.

Sikiliza Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et. Kwa Wakalenjin wengi huyo ndiye mzee wa gitaa, na tangu afariki mwaka wa 2007 sijasikia wa kumkaribia, ingawa najua nitatukanwa na wapenzi wa wengine. Wajaluo husema benga ilichukua vidole vyake kwa nyatiti. Mimi nikisikiliza chepkong ile ya 1950 na gitaa la Kipchamba moja baada ya nyingine, nasikia mkono uleule: nyuzi chache, sauti kavu, kurudiarudia bila haraka. Mashine imebadilika, mkono haujabadilika.

Na miaka hiyohiyo Nairobi na Mombasa walikuwa na fanki. Slim Ali na Hodi Boys, Ismail Jingo, Steele Beauttah, bendi ya Matata iliyohamia London na kurekodi huko. Suruali pana chini, tarumbeta, Kiingereza, James Brown akitazama kutoka ukutani. Ni muziki mzuri, sitaki kusikia upuuzi, na Ketebul waliutengenezea mkusanyo mzima mwaka wa 2011. Kampuni ya Soundway ya London nayo ilitoa Kenya Special mwaka wa 2013, na ghafla vijana wa Berlin wakajua majina ambayo sisi tulikuwa tumeyasahau. Lakini hiyo fanki ilikuwa ya mahoteli na vilabu. Haikupanda mlima hadi kwetu, au ilipanda kwa redio tu. Ninachoshindana nacho kila nikikaa na marafiki wa mjini ni hiki: ikiwa fanki ni besi inayozungumza na ngoma isiyokuachia, basi sisi tulikuwa nayo, ilikuwa upande wa B, na iliimbwa Kikipsigis. Haikuvaa miwani ya jua tu.

Halafu kukaja kaseti. Kaseti ilikuwa rahisi, ilichezwa kwenye redio ya betri na kwenye matatu, na mtu yeyote mwenye deki mbili aliweza kuinakili usiku kucha. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 biashara ya santuri ilikuwa hoi. Wanaolaumu maharamia peke yao wananichosha, kwa sababu hao maharamia ndio waliofikisha muziki vijijini. Lakini ni kweli kwamba mwanamuziki hakupata kitu, na prodyuza hakupata kitu, na gramofoni zikapandishwa juu ya kabati. Santuri zisizo na gramofoni ni nini? Kwa mtoto wa miaka minane mwenye waya, ni magurudumu.

Hapo ndipo hesabu yangu inapovurugika. Sauti iliyochukuliwa na mgeni ikapelekwa nchi za mbali ipo hadi leo, safi, unaweza kusikia hata pumzi ya wasichana. Sauti iliyobaki kwetu, iliyouzwa na jirani, ikapendwa, ikachezwa kwenye kila harusi hadi mifereji ikalainika, hiyo ndiyo iliyopotea. Na mwizi wa ile ya nyumbani kwetu ninamjua kwa jina. Ni mjomba wangu, ninampenda, na ananidai elfu mbili. Nimemuuliza kwa nini zile santuri. Akasema, "Kwani kulikuwa na magurudumu mengine?"

Kilichofuata mnakijua zaidi kuliko mimi, mmekulia ndani yake. Katikati ya miaka ya 2000 stesheni za Kikalenjin zikafunguka, Kass FM, Chamgei, na ghafla kulikuwa na mahali pa kupeleka wimbo bila kuomba ruhusa ya Nairobi. Bendi ya watu sita ikawa mtu mmoja na kinanda. Kinanda kina ngoma ndani, kina besi ndani, kina hata tarumbeta ambazo hakuna aliyewahi kuzipuliza Bomet. Chelele aliimba hivyo, hadi alipouawa mwaka wa 2010 na nyimbo zake zikageuka maombolezo usiku mmoja. Emily Chepchumba aliimba hivyo. Wapenda santuri wa kweli wanakichukia hicho kinanda, wanasema ni cha plastiki. Nilikuwa mmoja wao kwa muda, nikiwa na umri wa kujua kila kitu. Siku hizi nikisikia ile ngoma ya kinanda, inayokimbia bila kupumua dakika sita nzima, nasikia upande wa B usiohitaji kugeuzwa. Huo ni muziki wa elektroniki. Hatukuuita hivyo kwa sababu ulichezwa kwenye harusi za kanisani na mama zetu waliuelewa.

Na studio sasa? Chumba nyuma ya kinyozi, Litein, Sotik, Silibwet. Maboksi ya mayai ukutani, kompyuta moja, kijana mmoja anayerekodi, anapiga, anachanganya, anatengeneza picha ya YouTube na kukukopesha koti. Nimekaa kwenye vyumba hivyo vya kutosha. Nilichojifunza ni kwamba karibu kila mmoja ana hadithi ya diski iliyoungua. Umeme ulirudi kwa nguvu, kazi ya miaka miwili ikaenda. Mmoja aliniambia amerekodi zaidi ya wasanii mia moja na hana hata faili moja ya asili. Kilichobaki ni kile walichopakia wenyewe mtandaoni, na akaunti nyingine zimefungwa kwa kusahau neno la siri.

Shangazi yangu alichuma chai miaka kumi na tisa kwenye shamba la kampuni ambayo sitaitaja. Kisha mashine za kuchuma zikaja, na kazi ya watu wengi ikawa ya wachache. Mei 2023 vijana walivamia mashamba Kericho na mashine zikachomwa, mliona kwenye habari. Shangazi hakuwa kwenye hayo maandamano, alikuwa kwake akitazama moshi. Nilimtembelea siku hizo nikiwa na laptopu yangu, nikamchezea kitu nilichokuwa nikikitengeneza, gitaa tatu na ngoma, zote nimezipiga mimi kwa kipanya. Akaniuliza hao wapiga gitaa ni akina nani. Nikasema hakuna, ni mashine. Akaangalia laptopu kwa muda.

"Basi na wewe una yako," akasema, akaenda kutoa sufuria motoni.

Sijui kama alinilaumu au alinitania. Kipchamba alilisha wapiga gitaa kadhaa. Mimi simlishi mtu, na hata mimi mwenyewe silishwi vizuri. Lakini babu yangu naye, nikifikiria, alipata studio kwa sababu kulikuwa na kambi, na kambi zilikuwepo kwa sababu kulikuwa na ardhi iliyochukuliwa. Sikuchagua huu mnyororo.

Kuna mtu mmoja ambaye kazi yake imenisaidia kufikiria. KMRU, kijana wa Nairobi anayetengeneza muziki wa elektroniki wa polepole sana, usiochezeka hata ukilipwa, ni mjukuu wa Joseph Kamaru, yule mkubwa wa muziki wa Kikuyu aliyefariki 2018. Albamu yake ya Peel ya mwaka wa 2020 ilimpeleka ulimwenguni. Lakini kinachonigusa zaidi ni kwamba pembeni ya hiyo kazi yake amekuwa akizitoa upya nyimbo za babu yake, mojamoja, ili zisikike vizuri na zijulikane ni za nani. Na mwaka wa 2022 alitoa albamu iliyotumia sauti za Kiafrika zilizohifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Anashughulika na maswali mawili ya gogo kwa mkono mmoja: ya kwao yaliyobaki, na ya wenzetu yaliyochukuliwa. Tofauti yetu ni kwamba yeye babu yake aliacha santuri nyingi. Wangu aliacha lori.

Ile biti ya Chemirocha sikuipakia popote. Ningependa kusema ni kwa ajili ya heshima. Ukweli ni kwamba laptopu iliibwa kwenye matatu kati ya Kapkatet na Kericho kabla sijaamua. Imebaki sekunde 40 kwenye WhatsApp ya binamu yangu, imerekodiwa kwa simu kwenye ile sherehe, watu wanapiga kelele juu yake. Wasichana wa Kapkatet wanasikika kwa mbali, chini ya besi yangu, chini ya mtu anayeita jina la mtu.

Desemba iliyopita nilimuuliza gogo tena kuhusu santuri nyekundu. Nilikuwa nimechoka kuuliza majina, kwa hivyo nikauliza tofauti: wimbo wenyewe ulikuwaje? Akasema maneno ameyasahau, yalikuwa kuhusu gari au kuhusu mwanamke, mambo ya vijana. Nikasema sawa. Akaendelea kukoboa maharagwe. Halafu, bila kuniangalia, akaanza. Hakuimba maneno. Aliimba gitaa, la pili, lile la chini linalorudiarudia, kwa mdomo, ti-ri-ti-ti, akipiga ukingo wa ungo kwa kidole mahali ambapo nadhani ngoma ilikuwa. Nikatoa simu polepole kama mtu anayewinda.

Ni dakika moja na sekunde kumi na mbili. Kuna mbwa ndani yake, na kuna maharagwe. Nimeinakili kwenye simu mbili, diski moja na barua pepe ya dada yangu. Nilimtumia mjomba pia, bila kueleza chochote. Alinipigia baada ya dakika tano. Akasema gogo ameimba vizuri, lakini mwishoni pale amekosea, babu alikuwa anapanda, hakuwa anashuka. Akanyamaza. Kisha akaanza kuniimbia, kwenye simu, sehemu inayopanda, na mimi nikaanza kutafuta simu nyingine ya kumrekodi.